Jino limedondoka, bibi anauliza nilikula nini

Juzi nimeota jino la mbele limetoka, wala halikuuma, nimelishika mkononi jeupe naliangalia tu. Watu wa pwani mnajua jino kwenye ndoto linakwenda kuishia wapi, msibani, kwa hiyo asubuhi hata chai sijanywa nikatoka mbio mpaka kwa bibi, hapa hapa Ngamiani, Tanga, nikamkuta anageuza vibibi, vile vimkate vya mchele. Hakushtuka. "Ulilala umekula nini?" Mhogo wa nazi, sahani mbili, saa nne usiku. "Basi hiyo si njozi, hiyo shibe. Ila sadaka toa."

Nilicheka njia nzima, maana mwezi huu wote nasoma mambo ya Aristotle, yule mwanafalsafa wa Kigiriki wa kale, na ndoto, na yeye alishasema hayo hayo zaidi ya miaka 2300 iliyopita. Anasema ukilala tumbo limejaa, joto la chakula linavuruga picha ndani yako kama maji yaliyokorogwa, chungulia kisimani baada ya kutupa ndoo uone kama utajiona sura. Tena kwake mfasiri mzuri ni yule anayeweza kutambua kitu hata kwenye maji yenye mawimbi. Ila kuhusu Mungu aligoma kabisa: wanyama nao wanaota, halafu zingekuwa zinatoka kwa Mungu angewapa wenye hekima, sio kila mpita njia. Zikitimia, nyingi zimeangukia tu.

Sasa hapa ndo utamu. Vile vitabu vyake vilipoingia kwenye Kiarabu, kikatoka kitabu kimoja, Kitab al-Hiss wa-l-Mahsus, na humo Aristotle anasema ndoto za kweli zinatoka kwa Mungu kupitia akili tendaji, ile akili ya juu inayozimulikia akili zetu! Yaani mzee kageuzwa kabisa. Na watu wakubwa walimsoma hivyo hivyo, hata Ibn Rushd, bingwa wa kumfafanua Aristotle, mwaka 1170 kaandika ufafanuzi wake juu ya kitabu hicho akijua ni maneno ya mwalimu. Mi simlaumu, na nahisi kosa lile limezaa mambo mazuri kuliko usahihi ungezaa, maana Waislamu walikuwa na hadithi kwamba ndoto njema ni sehemu moja katika 46 za utume, unafikiri wangekaa na Mgiriki anayesema ni bahati tu?

Anayenikosha mimi ni al-Farabi, mwanafalsafa wa Kiislamu aliyefariki mwaka 950. Yeye anasema mchana ile nguvu ya kujenga picha inatumwatumwa na macho na masikio haipumziki, usiku ndo inapata nafasi, ikipokea kitu kutoka juu inakivalisha picha inazozijua yenyewe, ndo maana unaota jino huoni msiba wenyewe. Kwa mtume nguvu hiyo ni kubwa kiasi kwamba anapokea akiwa macho kabisa. Kwa hiyo mtume na mimi tunapanda ngazi ile ile, ila yeye yuko juu kabisa huko na mimi chini na mhogo wangu.

Sadaka nilitoa, buku moja, sio kwamba naogopa. Jioni nikarudi nikamsimulia bibi habari za Mgiriki, nikamwambia pia aliandika kwamba wanawake wana meno machache kuliko wanaume. Bibi akafungua mdomo, mna manne.

"Kwangu kapatia."