Wasikilizeni pale wanapopiga taratibu

Juzi usiku hapa Nkuhungu upepo ulikuwa umetulia, kitu ambacho kwa Dodoma ya mwezi wa nane hukipati kila siku, nikavaa hedifoni nikaweka Bolero, muziki wa okestra aliotunga Mfaransa Maurice Ravel mwaka 1928, nikairudia mara tatu mpaka simu ikaanza kulilia chaji. Toka hapo sijaacha kuiwaza.

Mi napiga tarumbeta kanisani, mwaka wa kumi na moja sasa. Wenzangu wa matarumbeta mnajua, kupiga kwa nguvu ni rahisi, unajaza kifua unasukuma, sauti itatoka tu hata kama mdomo haujakaa sawa, lakini ukiambiwa piga taratibu kabisa hapo ndo midomo inatetemeka, pumzi inakata, noti inapasuka au inagoma kutoka. Ndo maana nikisikiliza okestra siwasubirii pale wanapounguruma wote, nawavizia kule chini.

Bolero inaanza na ile ngoma ndogo ya vijiti, na vyombo vichache vya nyuzi vinadonolewa kwa vidole, sauti ndogo mpaka unahisi labda hedifoni imechomoka. Inaingia filimbi, halafu klarineti, halafu fagoti, lile zumari refu la sauti nzito. Jamaa wa ngoma anarudia mdundo uleule mara 169, robo saa nzima, hatakiwi kukimbia wala kuchelewa, na sauti inapanda kama jua letu la asubuhi, hulioni likipanda, unashtukia tu limeshakuchoma. Okestra isiyo na uvumilivu inalipuka mapema, dakika ya sita wameshamaliza nguvu zote na mbele hakuna pa kwenda. Hii niliyosikiliza walijibana mpaka mwisho, yaani mwili ulinisisimka.

Alafu kuna sehemu mi naiona ndo mtihani wenyewe. Horni, ile baragumu ya shaba iliyoviringishwa, inapiga wimbo, juu yake filimbi mbili ndogo zinapiga wimbo huohuo lakini kwa funguo tofauti, yaani kila moja inaanzia noti yake, na selesta, kinanda kidogo chenye sauti kama kengele, inawasindikiza. Ukisoma kwenye karatasi utasema hapa watagombana. Ila wakipimiana sauti vizuri, filimbi zikikubali kujificha ndani ya horni, unasikia kinanda kikubwa cha kanisani, chombo ambacho hakipo kabisa pale jukwaani! Filimbi moja ikijitutumua kidogo tu, basi, kinanda kimepotea.

Na tromboni, ile ya kuvuta mrija mbele na nyuma. Mpigaji wake amekaa kimya muda wote, midomo imepoa, alafu anapewa wimbo peke yake huko juu kabisa. Mpuliza yeyote akifika hapo anashika pumzi.

Utoto wangu ulikuwa Bahi, mama zangu wadogo walikuwa wapigaji wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, ngoma wamezibana mapajani, hakuna wa kuwaongoza kwa kijiti, mmoja akibadili mkono wengine wameshajua. Nadhani masikio yangu yalitengenezewa pale, kwa hiyo akija mtu kuniambia simfoni, huu muziki wa okestra kubwa, ni mambo ya Wazungu simwelewi kabisa. Kinshasa pale kuna okestra ya simfoni ya Wakimbangu, waumini wa kanisa linalomfuata nabii Simon Kimbangu wa Kongo, imeanzishwa 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Kimbangu mwenyewe, mwanzoni vyombo havikutosha wakawa wanapokezana, huyu akimaliza kujifunza anampa mwenzake. Watafuteni Yutyubu, ila msiwasikilize kwa huruma, wasikilizeni kama wanamuziki.

Jumamosi mazoezini niliomba tupige beti moja ya wimbo wa ibada kwa sauti ya chini kabisa, wote. Mara ya kwanza ilikuwa vurugu, ya pili na ya tatu hivyohivyo. Ya nne zikatoka kama baa mbili hivi, vipande viwili vifupi vya wimbo, tukasikika kama mtu mmoja anapumua, kabla sijapasua noti mimi mwenyewe. Mzee wetu wa tuba akashusha chombo, akatutazama, akasema, "Rudieni, wanangu."