Siku ya 61: Sijali, mkeka wa bibi na trei ya bati

Saa nane na robo usiku wa kuamkia leo, mvua ya vuli ikimwagika utadhani bomba kuu limepasuka, Sijali alinyanyuka kwenye gunia lake, akapita mbele ya kitanda chetu, akasukuma mlango wa balkoni kwa pua, akakojoa kwenye trei. Kwenye trei! Nilikuwa nimelala macho gizani nasikiliza kucha zake kwenye vigae, pumzi nimeibana. Nikamwamsha mke wangu nimpe habari. Alichonijibu hakiandikiki.

Sijali ni mbwa dume wa kienyeji, miezi 16, amehasiwa. Alizaliwa shambani Kibaha, sisi tunaishi naye ghorofa ya pili hapa Dar. Kukaa na mbwa ndani, tena ghorofani, kwa watu wengi hapa ni wazimu wa aina yake, na hilo nimeshalizoea. Ratiba ya kumtoa, zawadi papo hapo akimaliza, kutomkandamiza pua kwenye mkojo: hayo anayefuga anayajua, sirudii. Akiwa na miezi 9 nilitangaza kwamba amefuzu, hakojoi tena ndani. Nilijisifu hadi kwenye misiba.

Kilichoniponza ni taa ya kukagulia noti. Ile ndogo yenye mwanga wa zambarau ambayo wenye maduka wanamulikia noti za elfu kumi. Niliinunua Kariakoo kwa shughuli zangu nyingine kabisa, usiku mmoja umeme umekatika nikaiwasha ndani kutafuta kiberiti, nikaona sakafu inang'aa. Mkojo mkavu hung'aa chini ya mwanga ule. Ndiyo siku ya 1 ya daftari hili.

Tahadhari kwa anayetaka kuijaribu: usiku wa kwanza nilidhani nyumba nzima ni choo. Kuta, mapazia, meza, hadi shati langu. Kumbe sabuni nyingi za unga zina viini vya kung'arisha nguo, navyo vinawaka bluu-nyeupe vikimulikwa. Nilitumia saa mbili kupiga deki madoa ya sabuni kwa sabuni, yakazidi kung'aa. Mkojo una mwanga wa njano uliofifia, kingo zake zimeviringika kama ramani ya kisiwa, na ukiinamisha pua hauhitaji tena taa. Baada ya kuchuja, mabaki ya kweli yalikuwa sehemu moja: kona ya chumba cha wageni, tunapotandika mkeka wa ukindu aliotupa bibi yake mke wangu. Madoa yalikuwa tabaka juu ya tabaka. Maana yake siku zote nilizokuwa najisifu, bwana alikuwa anaendelea.

Basi nikaanza na kona. Na hapa nakiri upumbavu: nilimwaga klorini, ile ya kung'arishia mashuka, bila kuichanganya na maji, dirisha limefungwa. Mkojo ukikaa hutoa amonia, na amonia ikikutana na klorini inazaa gesi inayochoma macho na kifua. Nilitoka chumbani nalia kama nimemenya gunia la vitunguu. Msifanye. Siki nayo inapunguza harufu kwa pua ya binadamu tu, pua ya mbwa haidanganyiki hivyo. Kilichosaidia ni sabuni ya unga yenye vimeng'enya, yaani viini vinavyomeng'enya protini. Siri yake ni muda. Watu wanaimwaga, wanasugua dakika mbili, wanafuta, halafu wanailaani. Mimi niliikoroga na maji vuguvugu, nikalowesha vigae na ile mistari ya saruji katikati yake, nikafunika na nailoni usiku kucha. Asubuhi hata mimi niliyepiga magoti sikunusa kitu. Taa ikaonyesha mwanga wa sabuni tu.

Siku nane baadaye, dimbwi. Kona ileile.

Hapo ndipo nilipoanza kulala vibaya. Nikajiuliza kama anaweka alama ya eneo lake, lakini alama ni tone mbili tatu kwenye kitu kilichosimama, ukuta au mguu wa kochi, mguu mmoja juu. Huyu alikuwa anachuchumaa na kumwaga kibofu chote kwenye sakafu iliyolala. Nikahofia ugonjwa. Daktari wa mifugo alitaka sampuli, ikabidi nimfuate mbwa alfajiri na bakuli la supu huku mama anayekaanga mihogo getini akinitazama bila kusema neno, na kunyamaza kwake kuliniumiza zaidi. Mkojo ukakutwa safi. (Mwenye jike aliyefungwa kizazi aangalie jambo jingine: akiamka na pale alipolala pamelowa, huenda misuli inayobana kibofu imelegea. Ile ina dawa, na mbwa mwenyewe hata hajui kwamba kavuja.)

Mke wangu msimamo wake ulikuwa mmoja: anajua kosa lake, tazama masikio. Kweli analaza masikio na kukwepa macho. Lakini mtafiti Alexandra Horowitz wa New York alilipima hilo mwaka 2009 kwa mbwa 14, akaona sura ile ya majuto hutokea mbwa akigombezwa, awe ametenda au hakutenda. Nikajaribu mwenyewe: nikamgombeza Sijali kwa sababu ya bei ya mafuta. Akalaza masikio.

Ukombozi ulitoka kwa mzee wa ghorofa ya chini. Ni mtu wa swala tano, na mbwa kwake ni najisi nzito. Kwa mafunzo ya Shafi tuliyozoea pwani, palipoguswa na mate yake panaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo ngazini namshikilia Sijali kwa kamba fupi na napita upande wa ukuta, na mzee naye kwa hisani yake ananisubiri nipite. Siku ya 29 tulikutana hivyo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Huyo mwenzio vipi, kashahitimu?"

"Bado mzee, tunapambana."

Akatazama juu, kwenye balkoni yetu. "Na mkeka wenu ule, kila Jumamosi naona umeanikwa. Una nini?"

Nikasimama pale na kamba mkononi. Mkeka unaanikwa kila Jumamosi kwa sababu unanuka, na unanuka, tulivyodhani, kwa joto na unyevu wa Dar. Mimi nilikuwa nafuta sakafu chini yake na kuuhesabu mkeka kama majeruhi, kumbe ndiye mshirika. Ukindu unapitisha maji kama chujio la tui. Rangi zake za zambarau na kijani zilikuwa zinameza mwanga wa taa, kwa hiyo sikuwahi kuona doa juu yake.

Sasa mtu wa kawaida angeutupa mkeka na maisha yakaendelea. Mimi nilitaka kujua ni harufu ya mkeka ule au ni mkeka wenyewe. Jaribio la kwanza, siku ya 31: nikauhamishia sebuleni, mbali kabisa na kona. Dakika 20, amekojoa. Kona haina kesi. La pili: mkeka wa plastiki, ule wa maua. Akaulalia. La tatu ndilo lililonigharimu: nikanunua mkeka mpya wa ukindu sokoni, haujawahi kukanyagwa na mnyama wa kwangu, nikautandika chumbani kwetu mke wangu akiwa kazini. Akaunusa, akazunguka mara tatu, akachuchumaa. Nikapiga kelele za furaha, akakatiza katikati, akakimbilia chini ya meza akimwaga njia nzima. Hilo ni kosa langu.

Si harufu, basi. Ni nyayo. Mtoto wa mbwa wiki za mwanzo hulambwa na mama ndipo ajisaidie. Akifika kama wiki ya tatu huanza kutoka mwenyewe pale anapolala, na kabla ya miezi miwili au karibu na hapo miguu yake inakuwa imechagua: majani, mchanga, saruji, chochote alichokikuta. Nikampigia mtu aliyenipa Sijali. Banda lao lilikuwa limetandikwa nini? "Makuti tu, na nyasi kavu." Makuti! Kwa miguu ya Sijali, mkeka wa bibi ni choo alichokulia. Hakuwahi kuvunja sheria hata siku moja. Kila mara alipoingia chumba cha wageni alijiona ni kijana mstaarabu anayekwenda msalani.

Ndiyo maana pedi za kukojolea sizipendi, na hili nitalisema hata wakinichukia. Unamfundisha mbwa miezi mitatu kwamba kitambaa laini chini ya miguu ni choo, halafu unashangaa anapokojolea zulia la bafuni. Gazeti lina nafuu, angalau hakuna anayetandika gazeti sebuleni.

Mpango baada ya hapo ulikuwa kumfundisha kupiga kengele ya mlangoni akibanwa. Kengele nilinunua. Ipo kwenye droo. Kilichotokea ni kwamba nilisoma kuhusu watafiti wa Ucheki na Ujerumani waliochapisha mwaka 2013 kwamba mbwa 70, waliofuatiliwa kwa miaka miwili, walipenda kujisaidia mwili umeelekea kaskazini na kusini pale uga wa sumaku wa dunia unapotulia. Kazi hiyo ilipewa Ig Nobel, ile tuzo ya utani kwa utafiti wa kuchekesha, mwaka 2014. Mtu mwenye kaunta buku na mbwa anawezaje kuliacha jambo kama hilo? Siku 12 nikasimama nyuma ya Sijali na dira ya simu. Dira ya simu ni takataka, naomba niseme. Karibu na geti la chuma inazunguka kama feni, karibu na magari inaapa kwamba kaskazini ni Mbagala. Nikaazima dira ya kweli ya skauti kwa mtoto wa jirani. Vipimo 47. Matokeo: Sijali anaelekea mihogo. Upepo ukigeuka, anageuka na mihogo.

Nikarudi kwenye daftari, nikajumlisha. Kaunta buku, kwa njia, imezishinda programu mbili za simu nilizojaribu. Programu inataka uchague picha ya kinyesi kati ya sita wakati mkono mmoja una kamba na mwingine mfuko. Hesabu za siku 61, bila kuweka majaribio ya makusudi: mara 251 nje, mara 9 ndani. Kati ya hizo 9, sita ni mkeka, mbili ni mvua kubwa aliyokataa kuitokea, moja ni shangwe, wageni walipoingia wote kwa pamoja wakimwita jina. Hiyo ni kama asilimia 96. Ukimwambia mtu asilimia 96 anakupa mkono. Ukimwambia karibu dimbwi moja kila wiki, anaomba akalie kiti cha plastiki.

Na wengine je? Shemeji yangu anaapa mbwa wake hajawahi kukojoa ndani tangu azaliwe. Kweli. Hajawahi pia kuingia ndani. Rafiki mmoja ana kijibwa cha manyoya ambacho "hata ukimlipa" hakojoi ndani. Nilikwenda kumtembelea na taa mfukoni, nikamulika nyuma ya pazia mara moja tu, kwa utani. Hatujaongea vizuri tangu hapo. Sasa mtu akiniambia mbwa wake amefundishwa namuuliza: kwenye sakafu ipi, mvua ikiwepo, wewe ukiwa safarini, kwenye nyumba ya nani?

Wazo la trei lilinijia nikiwa naukunja ule mkeka mpya ulioharibika. Kama miguu yake inataka ukindu, apewe ukindu. Fundi wa mabati akanitengenezea trei ya sentimita 60 kwa 60, kingo zimekunjwa sentimita 5, maana chini yetu kuna balkoni ya mzee na tone moja lingetosha kuniharibia ujirani. Ndani nikaweka kipande cha mkeka mpya. Alasiri za kwanza nilimpeleka kwa kamba, akakojoa, nyama. Usiku wa mvua ndio mtihani niliokuwa nausubiri, na vuli ilichelewa makusudi kunikomoa. Jana ikaja.

Asubuhi hii nimesuuza kipande, nimekianika, na nimekata cha akiba. Mkeka wa bibi tumeutundika ukutani, umependeza kuliko ulivyokuwa chini. Mzee nilikutana naye ngazini nikampa taarifa, akasema alhamdulillah, halafu akauliza kama trei ina tundu.

Haina. Nimerudi kuhakikisha mara mbili.

Shida iliyobaki ina tarehe: Desemba tunakwenda Tanga kwa huyo huyo bibi, na nyumba yake ina mikeka ya ukindu kuanzia barazani hadi jikoni. Mke wangu anasema Sijali abaki. Mimi nimeshampigia fundi kuuliza trei ya pili itakuwa tayari lini.