Mkanda wa jeshi: vidonge 140 vya asikloviri

Kosa kubwa kwenye tiba ya mkanda wa jeshi ni la hesabu. Boksi limeandikwa Aciclovir mg 200, mgonjwa anameza kimoja mara 5 kwa siku. Hiyo ni dozi ya hapesi, vile vidonda vya mdomoni au sehemu za siri. Kirusi cha mkanda wa jeshi, kilekile cha tetekuwanga, ni sugu zaidi: mtu mzima mwenye figo nzima humeza mg 800 mara 5 kwa siku, siku 7. Yaani vidonge vinne kila mara, 140 kwa wiki. Ni vingi kweli, kwa sababu utumbo hufyonza asilimia 10 hadi 20 tu, na figo huitoa dawa upesi.

Asikloviri ni guanosini ya bandia, tofali bovu la kujengea DNA. Huingia kwenye seli zote, lakini imelala mpaka ibandikwe fosfati tatu. Ya kwanza hubandikwa na kimeng'enya cha kirusi chenyewe, thaimidini kainesi. Mbili zinazobaki hubandikwa na seli. Kwa hiyo seli isiyo na kirusi haiiamshi, au huiamsha kidogo mno. Ikishakamilika, kinakilishi cha DNA ya kirusi huiokota na kuipachika kwenye mnyororo. Hapo ujenzi unakwama: sukari yake imekatwa nusu, haina ndoano ya kushikia tofali linalofuata.

Sasa utaona kwa nini tunasisitiza kuanza ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee. Dawa hukamata kirusi kinachojinakili tu. Kilicholala kwenye mafundo ya neva (mishipa ya fahamu) hakiguswi, na neva iliyokwisha kuumia hairekebishwi. Krimu haisaidii hapa, usipoteze hela.

Kunywa maji ya kutosha, maana dawa inaweza kuganda chembechembe ndani ya figo, hasa ya sindano ikiingizwa haraka. Dripu iende saa 1 nzima. Mwenye ugonjwa wa figo apunguziwe dozi, la sivyo huanza kuchanganyikiwa, hata kuona visivyokuwepo.

Wenye kinga dhaifu wakitumia muda mrefu, kirusi huweza kupoteza kainesi yake, na dawa ikabaki imelala. Ndipo madaktari huhamia foskaneti, dawa nyingine isiyohitaji kuamshwa. Kijana akipata mkanda wa jeshi apime VVU, maana huenda kinga yake imeshuka. Vipele vikifika ncha ya pua, neva ya hapo huenda hadi jichoni, hivyo jicho lionwe na daktari siku hiyohiyo.