Shotgani ya marehemu baba mkwe: "Browning" ambayo haikuwa Browning

Mimi naishi Minnesota na mke wangu ni wa hukuhuku. Baba mkwe alipofariki, mama mkwe akanipa shotgani yake, yani bunduki ya marisau, semi-otomatiki ya zamani, ile yenye mgongo wa mraba kwa nyuma kama kiboksi, ukiiona mara moja huisahau. Familia nzima inaiita "ile Browning ya mzee", na shemeji yangu alishaanza hesabu kichwani, anasema hizo za Ubelgiji zinauzwa hela ndefu bana usimpe mtu bure.

Nikasema ngoja niisome kwanza. Nikahakikisha haina risasi, chemba na magazini (lile bomba la kuwekea risasi chini ya mtutu) vyote vitupu, nikachukua tochi. Kumbe imeandikwa Remington, kampuni nyingine kabisa ya Marekani! Ni Model 11. Ubunifu ni wa John Browning kweli, yule fundi Mmarekani aliyebuni bunduki nyingi, mwaka 1902 aligombana na kampuni ya Winchester juu ya malipo, akaenda Remington, na mkubwa wa pale akafariki ghafla siku hiyohiyo kabla hawajaonana, ndo akavuka bahari kwenda kiwanda cha FN Ubelgiji, na hizo ndo Browning zenyewe. Remington waliipata baadae kwa leseni wakaanza kuitengeneza 1905 mpaka miaka ya 40 mwishoni. Kwa hiyo ni ndugu baba mmoja, ila sokoni bei zao ni mbingu na ardhi.

Kwenye mtutu, upande wa kushoto karibu na bodi, kuna viherufi vidogo sana, WE. Remington walikuwa wanaweka mwezi kwa kufuata neno BLACKPOWDERX, B Januari, L Februari, unaendelea hivyo, kwa hiyo W ni Agosti, na E ni 1935. Nilifurahi kama nimeokota hela.

Furaha ikapungua nilipoangalia rangi. Nyeusi inang'aa vizuri mno kwa umri ule, halafu kingo za herufi zimelainika kama sabuni iliyotumika, na vichwa vya skrubu vimechubuliwa na bisibisi, yani iliparuliwa ikapakwa upya. Kitako nacho kimekatwa kikawekwa mpira. Wanaokusanya bunduki wakiona hivyo wanageuza shingo. Muuzaji mmoja wa bunduki akanipa ofa ya dola 300, nikamshukuru nikarudi nayo nyumbani.

Sasa bei ni jambo moja, kama inafaa kazi ni jambo lingine. Bunduki hii ukipiga, mtutu wenyewe unarudi nyuma pamoja na bolti, na kinachoupunguza kasi ni springi kubwa na breki mbili zinazozunguka bomba la magazini, pete ya chuma na kipande cha shaba. Risasi nzito, pete inakaa kati ya springi na shaba. Risasi nyepesi, pete unaitoa hapo unaiweka chini kabisa nyuma ya springi. Nilipofungua nikakuta pete iko chini, bomba limelowa mafuta chapachapa, na ule ubao wa mbele unaoshikwa kwa mkono wa kushoto una ufa mrefu kama kidole! Mzee alikuwa anapiga risasi nzito kwa mpangilio wa nyepesi, miaka mingi tu, halafu hayo mafuta yanafanya breki iteleze. Na ndo maana alikuwa analalamika bega, sisi tukidhani ni uzee.

Nikafuta mafuta yote, nikanunua springi mpya, fundi bunduki akagundisha ufa kwa gundi na akapima chemba, iko sawa kwa risasi za inchi 2¾. Nikajaribu na nyepesi, natia moja moja kwanza, ikatema maganda vizuri.

Bata maji nimeachana nao, maana marisau ya kawaida, ya madini ya risasi (lead), yamepigwa marufuku kwa bata nchi nzima tangu 1991, na ya chuma siwezi kuyapitisha kwenye mtutu wa 1935 wenye choki ya FULL, yani mdomo uliobanwa sana, utaharibika. Ya bismathi, madini laini kuliko chuma, yapo ila bei yake mmh. Kwa hiyo ni ya fezanti tu, yule ndege wa mkia mrefu anayeruka ghafla miguuni mpaka unashtuka, na hapo ina uzito mzuri na inalenga yenyewe.

Nikamwambia mama mkwe matokeo yote. Akacheka sana, akasema, "Basi usimwambie shemeji yako kwamba si Browning, mwache aendelee na hesabu zake."