Kidude cheusi cha kwenye droo

Jana mwanangu wa mwisho alikuwa akitafuta betri za rimoti, akatoka na kidude cheusi chenye nyaya.

"Baba, hiki nini?"

"CDI ya mashine ya boti, kisanduku cha umeme wa kuwasha plagi."

"Mbovu?"

Nikajifanya sijasikia.

Ilikuwa 2014, Kilindoni, kisiwani Mafia, ile mashine ya nguvu 40 kabla hatujaiuza. Asubuhi moja iligoma, plagi zote mbili hazitoi moto. Kijana mmoja pale ufukweni akaitazama kwa macho tu, akasema CDI imekufa. Nikamwamini, nadhani kwa sababu alijibu haraka. Nikavuka hadi Nyamisati, nikapanda gari hadi Dar, nikazunguka Kariakoo, nikatoa shilingi 280,000, nikarudi. Tukafunga. Kimya. Na muuzaji alishanionya huku anahesabu noti: kitu cha umeme kikishatoka dukani hakirudi.

Ndipo nikamfuata yule mzee ambaye ningemfuata siku ya kwanza, kama si uvivu wa kupanda kile kilima.

Alikuja alasiri, akakaa chini ya mkungu, hakugusa kitu. "Mlipima nini kabla ya kununua?"

Hatukupima kitu, mzee.

"Plagi mbili kufa saa ile ile? Plagi hazina undugu huo. Tafuteni kinachozizima zote pamoja." Akasema tungoje jua lizame, moto wa plagi hauonekani vizuri juani. Dumu la petroli akalisogeza mbali mwenyewe. Magharibi ilipokaribia akachomoa plagi, akazirudisha kwenye vikofia vyake, moja akaibana na chuma cha mashine, nyingine akanipa mimi niibane. "Ishike kwa koleo lenye mpira."

Koleo lilikuwa mbali. Na plagi ile ilikuwa maiti kwa wiki mbili. Nikaishika kwa vidole.

Akaufuata waya mweupe unaotoka kwenye CDI kwenda kwenye kitufe cha kuzimia, kile cha kamba nyekundu ya mkononi. Akauchomoa. Akavuta kamba ya mashine.

Ta! Mkono wangu uliruka peke yake, maumivu yakapanda hadi kwenye kiwiko, plagi ikaangukia mchangani. Ile aliyoibana yeye niliiona: uzi mwembamba wa buluu, mkavu kabisa. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Mzee hakucheka. Akaurudisha waya, akavuta: hakuna. Akauchomoa, akavuta: buluu. Mara tatu hivyo hivyo, ili nisije nikasema ni bahati. Kisha akaweka mita kwenye nyaya mbili za kitufe, bila kukibonyeza. Ikalia piii. Chumvi ilikuwa imejaa ndani, nyaya zinagusana. Kwa mashine ni kama mtu kakishikilia kitufe mchana kutwa azime.

Kitufe kipya tulikipata kwa pesa ya samaki wa siku moja. Mashine tuliiuza na CDI mpya ndani yake. Kuivua ili nirudishe ya zamani niliona aibu, sijui aibu ya nani.

"Kwa hiyo hiki ni kizima?" mwanangu akauliza tena.

Ningemjibu kama ningeweza. Miaka yote hii sijawahi kukipima. Nikamwambia akirudishe, betri ziko juu ya friji.