Mkoba Kwenye Benchi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii naandika nikiwa na aibu kidogo. Jumapili tatu mfululizo sikukanyaga kanisani. Sikuumwa, sikusafiri. Nilinuna. Kwenye kikao cha ujenzi niliuliza bei ya mabati, mjumbe mwenzangu akanijibu mbele ya watu kwamba mara nyingi wanaouliza sana ndio ambao ahadi zao hawajazilipa. Ahadi yangu nilishalipa, risiti ninayo. Nikarudi zangu Magomeni, hapa hapa Mtwara, nikijisemea kwamba Mungu yupo kila mahali, nitamwabudu nyumbani.

Jumapili ya kwanza nikanunua bando, nikaegemeza simu kwenye chupa ya chai, nikamsikiliza mhubiri mmoja wa Dar es Salaam. Anahubiri vizuri kuliko mchungaji wetu, tusidanganyane. Alipofika katikati ya Warumi 8 akapita muuza samaki na baiskeli yake. Nikamsimamisha mhubiri, nikatoka kuulizia bei ya samaki changu. Niliporudi nilimkuta ameachama vilevile, mkono juu, ananisubiri nimalize kupatana bei. Nikacheka. Baadaye sikucheka tena.

Jumapili ya tatu jirani yangu, Mwislamu wa swala tano, akaniuliza kutoka uani kwake: "Mwalimu, siku hizi Jumapili upo tu. Kuna heri?" Nikamjibu kuna heri. Nilidanganya. Jioni hiyohiyo akaja bibi mmoja wa kikundi cha akina mama, kwa miguu, na bakuli la ming'oko, ile mizizi ya porini ya huku kusini, ya kuchemsha, iliyofunikwa kwa kitambaa. Akakaa barazani. Hakuuliza kitu. Akanywa maji, na alipokuwa anaaga ndipo akasema: "Ile nafasi yako naiwekea mkoba wangu. Kuna kijana alitaka kukaa, nikamwambia ina mwenyewe. Sasa mwalimu, na mkoba nao umechoka."

Usiku ule nikafungua Waebrania 10:24. Mstari wa 25 wote tunaujua, ule wa kutoacha kukusanyika pamoja, maana ndio tunaowapigia nao watoro. Ila kabla yake imeandikwa "tukaangaliane sisi kwa sisi." Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, hiyo "-ana" hainipiti hivihivi. Haikuandikwa tuangalie. Mhubiri wa kwenye simu nilimwangalia wiki tatu, yeye hakuniangalia hata mara moja. Hajui kama nipo, hajui kama nimenuna, na nikifa leo kesho atahubiri kwa sauti ileile. Sio kosa lake. Hatukuwa tunaangaliana.

Ukianza kuitafuta hiyo "-ana" katika nyaraka za mitume utaikuta kila mahali. Mpendane. Mchukuliane mizigo. Kuombeana. Kusameheana. Sasa niambie, ndugu yangu, utatii vipi amri hizi ukiwa peke yako sebuleni? Unaweza kusali peke yako, unaweza kufunga peke yako, lakini kuchukuliana kunataka mtu wa pili, tena mwenye uzito wa kuchukuliwa! Wakolosai 3:13 inaongeza, "mtu akiwa na sababu ya kumlaumu mwenzake." Paulo hakusema sababu hiyo ni ya uongo. Alijua itakuwepo. Alijua kuhusu mabati yetu. Mimi nilidhani lile neno la kikaoni ndilo lililonipa ruhusa ya kuondoka, kumbe ndilo lililonifikisha kwenye amri ambayo nisingeitii mahali pengine popote. Watu wasionijua hawaniudhi, na ambaye hajaniudhi nitamsamehe nini?

Mkumbukeni Tomaso pia. Jioni ile ya ufufuo hakuwepo, na siku nane akabaki na shaka yake. Bwana hakumtafuta pembeni. Alimngoja arudi chumbani kwa wenzake.

Sasa niruhusuni nikemee kidogo, nikianza na sisi wazee wa kanisa. Mtu anapotea miezi miwili, na sisi tunamkumbuka siku ya kuhesabu bahasha za sadaka. Hiyo ni dhambi. Tusiitafutie jina lingine.

Na ninyi ndugu mliopangiwa kituo cha kazi huku kusini. Mwaka wa nne upo Mtwara, cheti chako cha ubatizo kipo Moshi, zaka unaituma kwa simu Mbeya, na Jumapili unachagua pa kwenda kwa kuangalia kwaya. Barua ya utambulisho kutoka kanisa lako la zamani hujaiomba kwa sababu "hapa napita tu." Unapita wapi miaka minne? Siku ya msiba wako watu watasimama uani wakiulizana, "Marehemu alikuwa anasali wapi?" Swali hilo lisiwakute wenzako hawana jibu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Kianglikana alitoka Unguja, akapita Lindi na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakaweka makao Masasi. Walikuwa watu wa makabila mbalimbali, waliong'olewa kwao, ukoo wao umevunjwa. Sidhani kama yupo aliyesema ushirika wake umebaki Unguja. Walijenga, wakalima, wakasali pamoja, wakawa ndugu kwa sababu waliamua kuwa watu wa mahali hapo.

Kwa hiyo omba hiyo barua wiki hii. Jiunge na jumuiya ya mtaani kwako, hata kama wako sita na wanachelewa kuanza. Wape watu nafasi ya kugundua kwamba haupo.

Mimi nilirudi Jumapili iliyopita. Yule bibi akauondoa mkoba, akauweka miguuni, akanisogezea kitabu cha nyimbo bila kunitazama, kana kwamba nilikuwa nimetoka nje kidogo tu. Mjumbe mwenzangu alikuwa benchi la mbele yetu. Wakati wa amani akageuka, tukapeana mikono. Wake haukuwa na haraka. Wangu, nakiri, ulikuwa nayo. Jumamosi tuna kikao tena. Niombeeni, maana bei ya mabati bado sijaielewa na nitaiuliza.