Siku moja kwenye meza ya futi sita

Saa kumi na nusu alfajiri. Nimeamka kabla ya simu kulia, kama kila Jumamosi ya maonyesho. Mizigo niliifunga usiku: paneli tatu za waya, klipu, kitambaa cheusi cha meza, boksi la nakala za A3, boksi la stika, kopo la kalamu za wino, na Liyongo.

Liyongo ni mchoro wa sentimita 60 kwa 90, akriliki juu ya kanvasi, na ulinichukua wiki tano za kuchora usiku. Nimemfunga kwa shuka, kisha kadibodi mbili, kisha kamba ya katani.

Mimi ni mchoraji wa kujitegemea. Nachora mashujaa wa katuni, wanamuziki, sura ambazo watu wanazipenda mpaka wanazivaa kwenye fulana, halafu naziuza kwenye makongamano ya mashabiki na, nikipata nafasi, kwenye galari. Mama yangu Mombasa akiulizwa na majirani huwaambia, "Yuko Nairobi, anachorachora." Hasemi kwa ubaya. Lakini nataka yeye na wengine wanaosema hivyo waione siku nzima ilivyo, maana wanachokiona wao ni picha iliyokwisha kutundikwa.

Saa kumi na mbili kasoro niko stendi ya Umoja. Makanga ananitazama, anautazama mzigo. "Madam, hiyo inalipa kiti." Nalipa viti viwili, nampakata Liyongo. Gari lenyewe lina sura ya mwanamuziki ubavuni, na kivuli cha chini ya shavu kimepulizwa kwa mkono ambao haukusita hata mara moja. Naujua ugumu wa kile kivuli. Nilijifunza kazi kwenye gereji ya kuunda bodi za matatu, miaka miwili ya kushika bomba la rangi na kusugua msasa. Kanuni za matatu za 2004 zilileta mstari wa manjano na michoro ikabanwa. Mafundi walionifunza walikaa miaka kumi wakichora kwa kujificha, mpaka 2014 rais aliposema vijana waachwe wachore. Nikisikia mtu anasema Nairobi haina galari za kutosha, huwa namwambia asimame dakika ishirini kando ya barabara.

Saa mbili nafika ukumbini Westlands na kukuta meza yangu imehamishwa. Nililipia ya mlangoni, shilingi 12,000 kwa siku mbili. Sasa niko ukutani, hatua nne kutoka kwenye spika. Kijana wa waandaaji ana orodha mpya na jina langu limeandikwa kwa kalamu pembeni. Nimembembeleza, nimemwonyesha ujumbe wa malipo, amepiga simu mbili. Hakuna kilichobadilika. Nimetandika kitambaa.

Meza ni ya futi sita, na kila inchi ina kazi yake. Stika na beji mbele, chini, mahali mkono wa mtoto unapofika. Nakala za A3 kwenye paneli za pembeni. Vitu vya bei kubwa nyuma, juu ya usawa wa macho, ili mtu ainue kichwa. Chini ya meza kuna bahasha za kaki na vipande vya kadibodi. Zamani wachoraji waliweka nakala kwenye mifuko ya nailoni, ikang'aa vizuri, lakini tangu marufuku ya Agosti 2017 tunatumia karatasi. Kwa hiyo mteja akishika nakala kwa vidole vyenye mafuta ya chipsi, imekwisha, naiweka kando kama hasara. Ndiyo maana nimeandika kwa herufi kubwa: TAFADHALI NIULIZE NIKUSHIKIE.

Milango inafunguliwa saa nne, na mpaka saa sita nauza stika.

Hapo niseme jambo. Kinachouzwa haraka kwenye meza kama yangu ni sura za anime, yaani katuni za Kijapani, na mashujaa wa Marekani, na mimi nazichora, kwa mkono wangu na kwa mtindo wangu. Lakini zile sura zina wenyewe. Kampuni zikinyamaza ni kwa hiari yao, na siku zikiamua kutonyamaza sina la kujitetea. Mwaka wa tatu wa kazi hii nilijiuliza ni shujaa gani wa kwetu ambaye hakuna kampuni inayommiliki, nikamkumbuka Liyongo ambaye bibi yangu alikuwa akitusimulia tukiwa watoto. Mrefu kupita watu wote, bingwa wa upinde, mshairi, hadhuriki kwa silaha isipokuwa sindano ya shaba ya kitovuni. Mtoto wa pwani hahitaji kuelezwa kwamba huyo anatosha kuvaa joho na kusimama kwenye bango.

Nimemchora gerezani. Ana tupa mkononi na pingu miguuni. Nje ya ukuta watu wanacheza gungu, matoazi na ngoma, na kelele zile ndizo zinazofunika sauti ya chuma kukatwa. Mlangoni walinzi wanakula mikate mizuri aliyoileta kijakazi Saada, na ule wa wishwa, ambao mama mtu ameficha tupa ndani yake, wameudharau wakampa mfungwa.

Saa sita na dakika kumi akaja yule mteja.

"Madam, hii ni ngapi?"

"Elfu ishirini na nane, kaka. Karibu."

"Elfu tatu nakupa sasa hivi, pesa mkononi."

Nilimweleza kwa upole, kwa sababu elfu tatu kwake huenda ni pesa nyingi na si kosa kutojua. Nikamwambia bei ya kanvasi na fremu yake ya mbao, bei ya rangi, kwamba nyekundu nzuri na buluu nzuri zinatoka nje na kopo dogo linakwisha kwenye anga moja. Kwa elfu tatu hata vifaa havirudi. Akasikiliza huku anapapasa kona ya mchoro kwa kidole gumba. Nikamwomba asiguse. Akaondoa kidole, akakirudisha.

"Lakini si umetoa kwa kompyuta?"

Nikaushusha mchoro. Nikamwonyesha ubavu wa kanvasi ambako rangi imezunguka, nikamwinamishia kwenye mwanga aone matuta ya brashi, nikaugeuza nyuma aone pini na tarehe niliyoiandika kwa penseli. Kazi hiyo tu ilinichukua dakika kumi, na nyuma yake wasichana wawili waliokuwa na pesa mkononi walisubiri, wakasubiri, wakaenda meza nyingine.

"Siku hizi akili mnemba inakupa kama hii kwa dakika moja."

Nikamwonyesha mguu wa kushoto, wenye pingu. Mguu ule niliufuta mara nne. Mara ya kwanza ulikuwa mguu wa mtu aliyesimama tu. Mara ya pili na ya tatu ulikuwa wa mtu aliyechoka. Mara ya nne ndipo ukawa mguu wa mtu anayejua kwamba usiku huu anatoka: kisigino kimeinuka kidogo, hakigusi sakafu. Nilimwambia hivyo, neno kwa neno. Alitazama kile kisigino kwa muda, na nilidhani nimempata.

"Basi nipe bure nikuweke kwenye ukurasa wangu. Nina wafuasi wengi sana."

Nikamwambia kodi ya nyumba yangu inalipwa kwa pesa. Akapanda hadi elfu nne. Akauliza kama naweza kufuta uso wa Liyongo nikaweka wake. Akampigia mtu simu, akaniweka kwenye spika nirudie bei, na yule wa upande wa pili akacheka. Jasho lilikuwa linanitoka, spika ya ukumbi inanipiga sikio la kulia, sijala tangu chai ya alfajiri, na siwezi kuondoka kwa sababu meza ni yangu peke yangu.

Mwishowe akatoa simu akapiga picha. "Haidhuru, nitaenda kuiprinti River Road. Mia tano tu."

Nilisimama mbele ya mchoro. Mikono ilinitetemeka, na sauti niliishusha kwa nguvu isije ikapanda. Nilimwambia mchoro huu una mwenyewe kama shamba lilivyo na mwenyewe. Kwamba Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inanilinda tangu nilipoweka brashi chini, na nikifa inawalinda warithi wangu miaka 50. Na kwamba, sheria kando, amesimama hapa tangu saa sita akinisikiliza nikimweleza kazi yangu, anajua nimeifanyaje. Akasema, "Haya, haya, usikasirike." Akaweka simu mfukoni. Kama aliifuta ile picha, sijui. Kisha akachagua stika ya shilingi 50 na akaomba chenji ya mia.

Ilikuwa saa saba na dakika tano.

Jirani yangu wa meza, kijana anayeshona mavazi ya kosplei, yale ya kujivika kama wahusika wa katuni, na kuchonga silaha za sponji, alinisogezea nusu ya chapati yake bila kusema kitu. Sitamsahau kwa hilo.

Baada ya hapo siku sikuishika tena kwa saa. Watu walijaa. Nilichora sura za dakika kumi kwa shilingi 500 kila moja, kumi na moja mfululizo, mpaka kidole cha kati kikafa ganzi pale kalamu inapokaa. Mtandao wa simu ulizidiwa, malipo yakawa yanachelewa kuingia, na kila mteja ikabidi tusimame sote wawili tukiitazama simu yangu hadi ujumbe ufike, kwa sababu mara mbili mwaka huu nimeonyeshwa ujumbe wa uongo. Wengine walikasirika. Nilielewa hasira yao na bado sikutoa bahasha kabla ya ujumbe.

Wakati fulani katikati ya hayo alikuja mtoto wa kama miaka minane, ana masikio ya paka kichwani, akasimama mbele ya Liyongo. Wazazi hawakuonekana karibu.

"Mbona hawa wanakula na yeye amepewa huo mbaya?"

Nikamweleza. Kwamba ulikuwa wa wishwa, walinzi hawakuutaka, na ndani yake mama yake ameficha tupa.

"Hawakuukata waone?"

"Hawakuukata."

Akafikiri. Akaitazama tupa mkononi mwa Liyongo, kisha ule mkate uliovunjika kwenye kona ya chini. Watu wazima wengi wamesimama mbele ya mchoro huu bila kuuona ule mkate. "Halafu?"

Nilikuwa na watu watatu kwenye foleni. Nikachukua bahasha ya kaki, nikachora kwa wino ukurasa unaofuata: mlango umeng'oka, pingu zimelala chini, walinzi wawili wanaukimbia mkate kama wanamkimbia nyoka, na Liyongo ameinama ili kichwa kipite kwenye kizingiti. Foleni yote ilisogea kutazama. Mtoto aliipokea kwa mikono miwili, akaniamkia "shikamoo" badala ya asante, na akapotelea kwa watu. Kwa muda ule mfupi sikusikia spika.

Ukumbi ulifungwa saa kumi na mbili. Liyongo hakuuzwa. Paneli na maboksi niliviacha chini ya meza kwa ajili ya kesho, yeye nikambeba.

Ilibidi nipitie galari moja ambako nina michoro miwili ukutani. Walinipigia wiki hii niuondoe mmoja, wanaweka maonyesho mapya. Mkataba wetu wao huchukua asilimia 40 mchoro ukiuzwa, na hilo silalamikii, kuta na taa zina gharama. Dada anayesimamia aliniambia, kwa huruma kabisa, "Wateja wetu wanaipenda rangi yako, lakini wanaona ni katuni." Mchana mzima nilikuwa nimeambiwa bei zangu ni za galari. Kwa hiyo kule mimi ni galari mno, na huku ni katuni mno, na kati ya Westlands na hapo ni mimi yuleyule na mkono uleule.

Kwenye matatu ya kurudi nilimfikiria Edward Saidi Tingatinga, aliyechora ndege na chui kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya mbao za dari pale Dar es Salaam, michoro ikiuzwa barazani. Alifariki 1972, miaka michache tu baada ya kuanza. Leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake. Sijilinganishi naye. Nilikuwa nafikiria jioni zake, alipokuwa akizibeba kurudi nazo nyumbani zile ambazo siku hiyo hazikununuliwa.

Saa nne kasoro nafungua mlango. Nahesabu: 17,350 kabla ya kutoa nauli, chakula, gharama ya kuchapa nakala, na nusu ya ada ya meza. Miguu imevimba. Namfungua Liyongo na kukuta kibonyezo chini ya ukuta wa gereza, upana wa kidole gumba, kimeingia ndani. Goti la mtu kwenye matatu, labda, au kona ya kiti.

Nachemsha maji kidogo, nayaacha yapoe mpaka yawe vuguvugu. Naulaza mchoro kifudifudi juu ya taulo safi, nachovya sponji, naikamua, nalowesha upande wa nyuma wa kanvasi pale palipobonyea, taratibu, nikitoka nje nikienda katikati. Kitambaa kikikauka hujivuta. Nausimamisha ukutani, natia kengele ya simu saa kumi na nusu, nakaa sakafuni kuutazama. Kibonyezo bado kipo, lakini kimeanza kupungua kwa upande wa juu, karibu na kile kisigino.